Simu haijaondoa haja ya maktaba mtaani

Ukitaja maktaba siku hizi mbele ya kundi la vijana, hutakosa mmoja wa kukuuliza: "Maktaba ya nini na simu ninayo mkononi?" Swali hilo si la ukaidi. Kijana huyo anajua kwamba kamusi imo simuni, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zimo, hata mwalimu wa hisabati anayefundisha kwa video yumo. Mzazi naye, akipiga hesabu ya nauli na ya muda, huona heri anunue bando kuliko kumtuma mtoto mjini kusoma.

Hata hivyo, msomaji mpendwa, swali hilo huulizwa kana kwamba maktaba ni ghala la vitabu tu. Ingekuwa hivyo, simu ingekuwa imeifunga kitambo. Lakini maktaba ni chumba pia. Ni chumba ambacho mtu huingia bila kuulizwa ametoka kwa kina nani, anasali wapi au amenunua nini, akapewa kiti na kuachwa afikiri. Kitabu kinaweza kuingia ndani ya simu, ila mtoto hawezi kuingia humo akapata pa kuketi.

Hebu leo tulitazame jambo hili tukiwa Kimbo, huko Ruiru, kati ya Nairobi na Thika.

MTAA WA WAHAMIAJI

Watu wazima wengi waliijua Ruiru kama nchi ya mashamba makubwa ya kahawa. Hata aina ya mibuni iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 ilipewa jina la mji huo, ikaitwa Ruiru 11. Siku hizi sehemu kubwa ya mashamba hayo imekatwa vipande na kujengwa nyumba za kupangisha. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, wafanyakazi wa Nairobi waligundua kwamba wanaweza kulala huku na kufanya kazi kule. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu karibu watu nusu milioni katika mji wa Ruiru.

Basi Kimbo ni mtaa wa watu waliotoka sehemu nyingine. Kuna aliyetoka Murang'a, kuna aliyetoka Kitui, mwingine Kisii, mwingine Busia. Wanaishi mlango kwa mlango na huenda mwaka ukapita kabla hawajajuana kwa majina. Kinachowakutanisha aghalabu ni kanisa, chama cha kuchangiana pesa au foleni ya maji. Mambo hayo ni mazuri, lakini kila moja lina masharti yake. Kanisa lina imani yake, chama kina mchango wake wa kila mwezi, na hoteli ina chai ambayo lazima uinunue ndipo uachiwe meza.

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mtu huacha kuwa mgeni siku anapopewa nafasi na kazi miongoni mwa wenyeji. Je, mpangaji wa Kimbo, ambaye amelipa kodi ya nyumba miaka minane, amepewa jembe gani? Mtoto wake aliyezaliwa hapo hapo anaweza kusema ni mahali gani pa mtaa huo palipo pake, nje ya mlango wa nyumba yao?

KITI, TAA NA KIMYA

Chukua mfano wa familia ya watu watano katika nyumba ya chumba kimoja. Kitanda kiko upande huu wa pazia na meko yako upande ule. Saa moja jioni mtoto wa kidato cha tatu anatakiwa kuandika insha. Mdogo wake analia, mama anakatakata sukuma wiki juu ya meza ile ile moja, runinga ya jirani inasikika ukutani, na huko chini fundi wa kuchomelea vyuma hajafunga kazi. Simu ya kutafutia habari ipo, lakini ni ya baba, na baba ni mlinzi wa usiku. Saa kumi na mbili ameondoka nayo.

Kwa mtoto huyo, kauli kwamba "kila kitu kimo simuni" ni kama kumwambia mwenye njaa kwamba sokoni kuna chakula. Anachokosa ni kiti, meza, taa na kimya, na juu ya hayo, mtu mzima wa kumuuliza.

Nchi nzima ililiona jambo hili mwezi wa Machi mwaka wa 2020, wakati shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Covid-19. Wanafunzi waliambiwa wafuatilie masomo kwa redio, runinga na intaneti. Wenye nafasi, vifaa na pesa za bando waliendelea. Wasiokuwa navyo walikaa miezi mingi bila kusoma, na maktaba ambazo zingewafaa zilikuwa zimefungwa kama shule. Shule zilipofunguliwa tena, darasa lilikuwa na watoto wa aina mbili, na kilichowatenga hakikuwa akili.

Wanafunzi wa vyuo wana taabu yao pia. Barabara hii hii ina Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja. Vyote viwili vina maktaba kubwa, nayo ni fahari yetu. Lakini maktaba ya chuo huwahudumia kwanza wenye kadi ya chuo. Kijana aliyehitimu mwaka jana na sasa anaandika barua za kuomba kazi chumbani mwake, au msichana aliyekatiza masomo kwa kukosa karo na anataka kuyarudia, huenda lango hilo halimfungukii. Na hao ndio wanaohitaji zaidi mahali pa kuamkia asubuhi, wakae na wenzao wanaojaribu, badala ya kushinda kitandani wakidhani ulimwengu umewasahau.

JIRANI WA JUJA

Tusije tukadhani, hata hivyo, kwamba maktaba huwaunganisha watu kwa sababu tu ina vitabu. Historia ya jirani yetu wa Juja inatuonya.

William Northrup McMillan alikuwa tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba kubwa Juja mwanzoni mwa karne ya 20. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake huko mwaka wa 1909. McMillan alifariki mwaka wa 1925 na kuzikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk, ng'ambo ya Thika. Mjane wake, Lucie, alijenga maktaba ya kumkumbuka jijini Nairobi, akisaidiwa na shirika la Carnegie la Marekani, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1931. Ndiyo ile McMillan Memorial iliyo karibu na Msikiti wa Jamia, yenye nguzo ndefu na sanamu za simba mbele ya mlango.

Kwa zaidi ya robo karne maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hadi mwaka wa 1958, Mwafrika aliyejua kusoma, hata angekuwa mwalimu, hakuwa na ruhusa ya kuketi humo afungue kitabu. Baraza la Jiji la Nairobi liliichukua mwaka wa 1962, na ndipo ikaanza kuwa ya wakazi wa jiji.

Huo ulikuwa ubaguzi wa waziwazi. Siku hizi hakuna kibao mlangoni kinachosema nani asiingie, lakini yapo mambo yanayosema vivyo hivyo kwa sauti ya chini. Nauli ya kwenda na kurudi mjini ni kibao. Mlinzi anayemkagua mtoto mwenye kandambili kuanzia utosini hadi unyayoni ni kibao. Maktaba inayofungwa saa kumi na moja jioni, kabla mfanyakazi hajashuka kwenye matatu, imemwambia mfanyakazi huyo kwamba haikujengwa kwa ajili yake. Na huduma yoyote inayohamishiwa intaneti pekee imemfungia nje asiye na bando.

KUTOKA SANDUKU HADI KISHIKWAMBI

Kuna wanaodhani kwamba maktaba ni kitu cha zamani kilichovamiwa ghafla na teknolojia. La hasha! Maktaba za Afrika Mashariki zimekuwa zikibadilisha njia zake tangu zilipoanza, kwa sababu wasomaji walikuwa mbali na barabara zilikuwa mbovu.

Shirika la East African Literature Bureau, lililoundwa mwaka wa 1948, lilitoa vitabu vya lugha za Kiafrika na pia likaendesha maktaba ya kuwapelekea wasomaji vitabu kwa posta na kwa masanduku. Msomaji wa kijijini alisubiri sanduku kama mtu wa leo anavyosubiri faili kubwa ifunguke. Baada ya uhuru, serikali zilichukua jukumu hilo. Kenya ilitunga sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba za kitaifa, KNLS, mwaka wa 1965. Tanganyika ilikuwa imetunga yake mwaka wa 1963, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya Uhuru. Kuichagua siku hiyo kulikuwa na maana: kusoma kulihesabiwa miongoni mwa matunda ya kujitawala.

Mwaka wa 1996, KNLS ilianza huduma ya ngamia huko Garissa. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, na watoto wa wafugaji wakasoma kivulini. Watu wa mbali waliishangaa, lakini wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Wasomaji walihamahama na mifugo yao, kwa hiyo maktaba nayo ilibidi ihame. Ngamia ndiye aliyekuwa teknolojia ifaayo mchangani, kuliko lori.

Nchini Uganda, maktaba ya jamii ya Kitengesa, karibu na Masaka, ilianza mwaka wa 1999 ikiwa sanduku moja la vitabu katika shule ya sekondari. Baadaye ilipata jengo lake na mitambo ya kunasa nguvu za jua. Taa zilipowaka usiku katika kijiji kisicho na umeme, watu walipata pa kwenda baada ya kazi za mchana.

Kibera nako, tawi la maktaba ya umma lilianza kutumia vishikwambi na watoto mnamo mwaka wa 2012. Miaka michache baadaye, vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki vilipelekwa katika matawi mengi ya KNLS kwa ushirikiano na shirika la Worldreader. Watoto wawili watatu waliinamia kifaa kimoja, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakimrekebisha. Hapo ndipo penye siri. Kifaa kile kile nyumbani humfanya mtoto ajitenge pembeni, lakini katika chumba cha pamoja kinaweza kumpatia rafiki.

Ukiyapanga mambo haya kwa mfuatano, sanduku, posta, ngamia, taa ya jua, kishikwambi, utaona kwamba kilichobadilika ni namna kitabu kinavyomfikia mtu. Watu wenyewe waliendelea kukusanyika.

ASIYEONA MAANDISHI

Nisieleweke kwamba naipinga teknolojia. Kuna watu ambao bila hiyo maktaba ilikuwa jengo tu kwao, na hatuna haja ya kwenda mbali kuwatafuta.

Thika ina shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Wengi waliopita shuleni humo wanajua uzito wa kitabu cha breli, kwa maana halisi ya uzito. Riwaya ambayo mwenzako anaitia mfukoni hugeuka kuwa majuzuu kadhaa makubwa ya kubebwa kwa mikono miwili, na ni vitabu vichache mno vinavyopata bahati ya kuandikwa kwa nukta hizo. Aliyemaliza shule na kurudi mtaani alirudi penye rafu zisizo na chochote alichoweza kusoma.

Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Mojawapo, NVDA, hupatikana bila malipo. Sheria nayo imesogea. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 2017, unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa breli, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki kila mara. Kompyuta moja, vipokea sauti vya masikioni na mkutubi anayejua kuvitumia vinaweza kumfanya asiyeona aketi meza moja na anayeona, kila mmoja akisoma gazeti la siku hiyo.

Basi kipimo cha teknolojia katika maktaba kiwe hiki: imemwingiza nani ambaye jana alikuwa nje? Mashine mpya ikiwafurahisha wale wale waliokuwa nazo nyumbani, hiyo ni mapambo.

SAIBA NA MAKTABA

Mtu atasema, "Mbona Kimbo kuna saiba nyingi? Si zinatosha?" Kwa hakika saiba zimetufaa sana. Hapo ndipo watu hujaza fomu za kodi, vijana wakaomba mikopo ya HELB na nafasi za vyuo, mzazi akachapisha picha ambazo mwalimu ameagiza kwa somo la kesho. Tuwape wahudumu wao haki yao.

Lakini saiba ni biashara, na saa yake ina bei. Anayefikiri polepole hulipa zaidi. Hakuna mwenye saiba atakayekuambia, "Keti tu, usome hadi jioni." Wala si kazi yake kukuuliza kama ulichokipata ni cha kweli.

Hapa ndipo mkutubi anapohitajika kuliko zamani. Zamani shida ya msomaji ilikuwa uhaba: kitabu kimoja, watu arobaini. Siku hizi shida ni wingi. Mwanafunzi akiuliza swali simuni hupata majibu elfu, na sasa kuna programu za akili bandia zinazomjibu kwa ufasaha na uhakika mwingi, hata pale zinapokosea. Mtoto hunakili, mwalimu husahihisha, na wote wawili hawajui kwamba jina la mwandishi aliyetajwa halipo duniani. Mkutubi mzuri humfundisha mtoto kuuliza maswali matatu: Nani amesema? Amejuaje? Yuko mwingine anayesema vivyo hivyo kutoka mahali tofauti? Kisha humwelekeza kwenye rafu akalinganishe. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatatapeliwa kirahisi, iwe ni kwa habari za siasa, dawa za miujiza au kazi za ng'ambo zinazodai ada kwanza.

Ndiyo maana inasikitisha pale mkutubi anapohesabiwa kuwa mlinzi wa vitabu, na nafasi yake kuachwa wazi anapostaafu. Jengo lenye kompyuta ishirini bila mtu wa kuongoza ni saiba isiyo na mwenyewe, na haitachukua muda kabla nusu ya mashine hizo kuharibika.

IKIWA YA WENYEWE

Kama tunataka mfano wa jinsi maktaba iliyochakaa inavyoweza kurudishiwa uhai, tutazame upande wa mashariki wa Nairobi. Maktaba za Kaloleni na Makadara ni matawi ya McMillan yaliyojengwa baada ya uhuru kwa ajili ya mitaa ya wafanyakazi. Kwa miaka mingi zilizeeka, vitabu vikabaki vya kale na wasomaji wakapungua.

Mwaka wa 2017, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, na mwaka uliofuata likaingia katika mkataba na Kaunti ya Nairobi wa kuzifufua maktaba hizo pamoja na McMillan yenyewe. Kaloleni ilifunguliwa upya mwaka wa 2020, na Makadara mwaka wa 2021. Majengo yalikarabatiwa, vitabu vya waandishi wa Kiafrika vikaongezwa, na picha na nyaraka za kale za McMillan zikaanza kuhifadhiwa kwa njia ya kidijitali ili zisioze sandukuni. Watoto wa mtaa wanahudhuria vipindi vya hadithi, sanaa na filamu.

La kujifunza hapo, kwa maoni yangu, ni kwamba wakazi walishirikishwa. Mtaa una wazee wanaokumbuka ulivyokuwa, vijana wenye ujuzi wa kompyuta, akina mama wanaojua saa gani watoto hawana pa kukaa. Maktaba inayowasikiliza watu hao huwa ni yao, na mali ya mtu mwenyewe huilinda. Isiyowauliza hupata madirisha yaliyovunjwa na rafu tupu.

Mpangaji anayeombwa aje Jumamosi asimulie watoto hadithi za kwao Kitui, au mwanafunzi wa chuo anayeombwa awaonyeshe wazee namna ya kutumia simu bila kuibiwa pesa, amepewa jembe. Si mgeni tena.

TUANZIE WAPI?

Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hivyo mkazi wa Kimbo anayetaka maktaba ana mlango wa kubisha, nao uko Kaunti ya Kiambu. Kila mwaka, kufikia tarehe mosi Septemba, kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti, na sheria inataka wananchi washirikishwe katika kupanga na kutenga pesa. Mikutano hiyo hutangazwa, lakini aghalabu wanaohudhuria hutaja barabara, taa za mitaani na mifereji. Hayo ni ya lazima. Hata hivyo, jambo lisilotajwa haliandikwi, na lisiloandikwa halitengewi senti. Wazazi kumi wakienda pamoja wakiwa na ombi moja lililoandikwa, yaani chumba cha kusomea, saa zake za kufunguliwa na mkutubi wake, watakuwa wamefanya zaidi ya kulalamika mwaka mzima.

Lakini tusikae tukisubiri kaunti. Yako mambo manne ambayo mtaa unaweza kuyafanya muhula huu.

Kwanza, tutumie kilichopo. Thika ina maktaba ya umma. Mpeleke mtoto Jumamosi moja, mtafute masharti ya uanachama, umwache achague kitabu mwenyewe, hata kama ni cha vichekesho. Anayezoea kuingia maktaba akiwa na miaka minane haogopi mlango wake akiwa na miaka ishirini.

Pili, tuzungumze na wakuu wa shule. Shule nyingi zina chumba cha vitabu ambacho hufungwa Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu. Kamati ya wazazi inaweza kukubaliana na mwalimu mkuu kifunguliwe Jumamosi asubuhi chini ya wazazi wawili wa zamu. Gharama ni muda na daftari la kuandikisha wanaoingia.

Tatu, makanisa na misikiti yana kumbi ambazo jioni za siku za kazi huwa tupu. Ukumbi wenye viti, meza chache na taa nzuri, ukifunguliwa kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku kwa watoto wote bila kuuliza dini ya mtu, ni maktaba tayari hata kabla ya kitabu cha kwanza kuletwa. Masharti yawe machache na yaeleweke: kimya upande mmoja, kusaidiana kwa sauti ya chini upande wa pili, na mtu mzima anayejulikana awepo kila wakati. Hilo la mwisho ni la usalama wa watoto na halina mjadala.

Nne, tuilete teknolojia kwa njia ya bei nafuu. Programu iitwayo Kiwix humwezesha mtu kupakua kamusi elezo ya Wikipedia, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kuisoma kwenye kompyuta bila intaneti. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Kiafrika, zikiwemo Kiswahili na Gikuyu, nazo ni bure kusoma na kuchapisha. Kompyuta moja kuukuu iliyojazwa mambo hayo na mwanafunzi wa chuo anayejua kuitunza inaweza kuhudumia watoto thelathini bila mtu kununua bando hata la shilingi kumi. Akipatikana pia wa kuweka programu ya kusoma kwa sauti, mwenzetu asiyeona atakuwa na kiti chake.

Hakuna katika haya linalohitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Linalohitajika ni watu wanne au watano wa ploti mbalimbali wakubali kukutana. Huenda hata majina yao hawajuani bado, na huo mkutano utakuwa mwanzo mzuri wa kujuana.

Basi leo baada ya chakula cha mchana, mzazi, muulize mwanao jambo moja: mwalimu akikupa kazi ya nyumbani, huwa unaifanyia wapi? Sikiliza jibu lake hadi mwisho. Halafu toka nje umuulize jirani wa mlango wa pili kama wa kwake naye amejibu vivyo hivyo.